Majani Marefu Kuliko Mlima

Tuseme mapema, asije mtu akadanganyika: Mwasiti hakupanda Nyumba ya Sura ili kulinganisha picha. Waliomwita ndio waliotaka alinganishe. Yeye alikwenda na jibu lake limeshaiva, limebaki kutamkwa tu. Picha zilikuwa mbili, bonde lilikuwa moja, na bonde lenyewe halikuwapo tena.

Halikuwapo, hakuna namna ya kulisema kwa upole zaidi. Watu waliokwenda gulioni siku ile walirudi wakakuta pale bonde lilipokuwa pamesawazika, pamekuwa tambarare nyeupe, kimya, bila hata shimo la panya. Wengine walicheka kwanza wakidhani wamepotea njia. Mwasiti hakucheka. Alisimama na kikapu chake kichwani, akaita mpaka sauti ikakauka. Bondeni alikuwa amemwacha Tunu, mwanawe wa pekee, pamoja na mbuzi. "Usitoke hapo kisimani mpaka nirudi," alimwambia asubuhi, na mtoto yule alikuwa msikivu. Hakutoka.

Katika nchi ile mahali pakitoweka hapaachwi hivihivi. Wakubwa wana utaratibu wao. Hutafutwa picha iliyochorwa na mtu aliyepaona, ikatundikwa katika Nyumba ya Sura, na tangu hapo picha hiyo ndiyo mahali penyewe. Kilichomo kilikuwapo. Kisichomo hakikuwapo, na mwenyeji anatakiwa akikane kwa kinywa chake mbele ya picha ndipo aruhusiwe kushuka ngazi. Zikipatikana picha mbili, mwenyeji huchagua moja, na ya pili hupakwa chokaa. Wapo waliouliza kwa nini zisibaki zote. Walijibiwa kwamba nchi haiwezi kuwa na mabonde mawili mahali pamoja. Ukilisikia upesi jibu hilo lina akili. Ukikaa nalo kidogo, linanuka.

Basi Mwasiti alipanda. Katika nchi ile miaka haina adabu ya kufuatana, na ngazi za Nyumba ya Sura zinasifika kwa utundu huo. Alianza kuzipanda akiwa ajuza anayeshika ukuta. Katikati alikuwa mwanamwali anayeogopa kuolewa. Alipokaribia juu, maziwa yalimjaa yakamlowesha kanga kifuani, akasimama kusikiliza kama kuna anayelia. Hakukuwa na anayelia. Alijifuta, akapanda ngazi zilizobaki, uzee ukamrudia. Hakuna kinachoumiza kama mwili ambao haujapewa habari.

Mlangoni alipokewa na Bi Jongo, mshika chokaa wa nyumba ile, ambaye asubuhi hiyo alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mwepesi, meno meupe.

"Shikamoo, Mama Tunu."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na ngazi."

"Nimeshapoa. Ziko wapi?"

"Ziko ndani, zinakusubiri. Ila simama hapa kwanza nikupime."

Alimpima kwa kamba, kutoka sakafuni hadi machoni. Huo nao ulikuwa utaratibu. Katika nchi ile picha ya mandhari haitazamwi ovyo. Sharti itundikwe mpaka ule mstari ambapo ardhi ya pichani inakutana na mbingu ulingane na macho ya anayetazama, naye awe amesimama wima. Kutazama picha iliyo chini ni utovu wa adabu, sawa na kumruka mtu aliyelala. Ndiyo maana picha ikiwa sakafuni hugeuzwa uso ukutani mpaka msumari wake upatikane. Watu walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani za zamani, na hakuna aliyejua sababu. Bi Jongo alihamisha misumari kidogo, akavuta pazia, na bonde likawa mbele ya Mwasiti mara mbili.

Ya kulia ilikuwa ya Feruzi, mchoraji mwenye jina, mgeni aliyewahi kupita bondeni na kiegemeo chake cha mbao cha kuwekea turubai la kuchorea. Aliichora akiwa juu ya jabali. Ilikuwa nzuri, hilo lisibishaniwe. Mto ulikuwa pale unapostahili kuwa, ukijikunja. Mapaa yalihesabika. Mlima nyuma ulikuwa wa buluu iliyofifia vilevile ulivyokuwa ukififia kabla ya mvua. Na kwenye njia iendayo kisimani, katikati ya kijani chote kile, kulikuwa na kitone chekundu, kidogo kuliko punje ya mtama. Kwa miaka mingi, picha hiyo ikiwa bado mjini, Mwasiti alikuwa akienda kusimama mbele yake. Tunu alikuwa na gauni jekundu. Mwasiti alilishona mwenyewe, akakosea mkono mmoja ukawa mfupi kuliko mwenziwe.

Ya kushoto ilikuwa ya Shaweji. Shaweji alikuwa mume wake, baba wa Tunu, fundi wa kuandika vibao vya maduka, na hakuna aliyewahi kumwita mchoraji ila kwa kumtania. Baada ya bonde kutoweka alijifungia katika chumba chao cha kupanga, akashona mashuka mawili pamoja, akayawamba kwenye fremu ya mbao, akapiga magoti sakafuni na kuchora mpaka magoti yakaota sugu. Alipomaliza, waliitundika kwa utaratibu, majirani wakaja, wakaangaliana, wakaaga upesi. Maana ile haikuwa picha, ilikuwa aibu. Majani yalikuwa marefu kuliko mlima, yakichoma mbingu. Mbuzi alikuwa mkubwa kuliko nyumba, ndevu zake zikining'inia mbele ya paa. Kisima kilikuwa ukuta mzima unaoziba nusu ya bonde. Mlango wa nyumba yao ulionekana kwa mbali, komeo likiwa juu mno. Mto haukuwapo kabisa. Na njia, ile njia iliyobeba kitone chekundu kwa Feruzi, kwa Shaweji ilikuwa pana, imenyooka, tupu.

"Mtoto yuko wapi?" Mwasiti alimuuliza siku ile.

"Yumo."

"Yumo wapi? Nionyeshe kwa kidole."

"Mke wangu, tazama."

"Nimetazama! Umemchora mbuzi, Shaweji. Mbuzi! Mwanao umemsahau."

Shaweji alifungua kinywa aeleze, lakini alikuwa mtu wa maneno machache, na Mwasiti alikuwa keshatoka na kuubamiza mlango. Tangu hapo waliishi wakipishana kama wapangaji. Shaweji alikufa hawajasemezana. Mwasiti alimwosha miguu kabla ya mazishi, akaona yale magoti, na hata hapo moyo wake haukulainika. Tusimlaumu sana. Huzuni ikikosa mtu wa kumshika, humshika aliye karibu.

Sasa alisimama mbele ya mabonde yake mawili, akatazama kitone. Hakutazama kingine. Akikichagua, Tunu atakuwa alikuwapo, kisheria, milele, na watoto wa nchi nzima watakaoletwa hapa wataonyeshwa: tazameni, kulikuwa na mtoto. Asipokichagua atatakiwa amkane.

"Nimeshachagua," alisema.

"Subiri, Mama Tunu," alisema Bi Jongo, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mzima, kwa kuwa mchana ulikuwa umeingia na mvi zilikuwa zimemtoka pembeni mwa kilemba. "Mchoraji aliye hai ana haki ya kusema. Bwana Feruzi yuko chini, anapanda."

Feruzi alipanda akihema, mzee mnene, mchangamfu, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Inafaa kulisema hilo, kwa sababu alichokifanya kilikuwa kibaya sana. Alimsalimu Mwasiti kwa heshima, akampa pole ya bonde, akageukia picha yake akaitazama kwa mapenzi.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Mikono ilikuwa haitetemeki. Unauona mlima ule, Mama Tunu? Nilikesha nao. Lakini si mlima unaoibeba picha hii. Watu hawajui. Nikuonyeshe?" Aliinua kidole, akakisogeza polepole mpaka kikasimama mbele ya kitone. "Hiki."

Mwasiti alishikwa na furaha ya ghafla. Kumbe naye anajua.

"Picha ilikuwa imekwisha," Feruzi aliendelea, "lakini imelala. Kijani kilikuwa kimezidi, kimeitia uzito, jicho halina pa kushika. Siku tatu naizunguka. Nilikuwa nimeshateremka mjini tayari, nimepanga chumba. Basi nikachukua brashi ndogo, nikagusa nyekundu mara moja tu, hapa. Bonde lote likaamka! Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mama. Zilizobaki hata mwanafunzi atafanya."

Mwasiti alikisogelea kitone.

"Hukumwona mtoto?" aliuliza Mwasiti.

"Mtoto gani?"

"Njiani. Ana gauni."

Feruzi alimtazama, akatazama kitone, akamtazama tena. Tabasamu lake lilikufa kidogo kidogo, na ilikuwa taabu kulitazama likifa.

"Mama Tunu," alisema chini chini. "Ni rangi tu."

Rangi tu. Sawa. Na mimi ni nini? Nyama tu. Na jina la mtu ni nini, kama si pumzi tu. Miaka yote nimekwenda kusimama mbele ya punje ya rangi, nimeiambia habari za nyumbani, nimeiambia baba yake amekufa. Imenisikia? Ilinijibu, naapa ilinijibu. Basi aliyenijibu ni nani? Kama rangi inaweza kuwa mtoto kwa miaka yote hii, nani atanizuia nisiifanye mtoto kwa iliyobaki? Wakubwa wanasema kilichomo kilikuwapo. Hawakusema kiingie kwa mlango upi. Uongo unaomweka mwanangu duniani nitaulea. Nitauogesha, nitauvika. Nyamaza, mwanamume. Nyamaza na ukweli wako. Nani alikuomba?

Hayo Mwasiti aliyawaza, au aliyasema. Katika chumba kile tofauti ilikuwa ndogo. Feruzi aliinamisha kichwa.

"Naichagua ya kulia," Mwasiti alisema kwa sauti. "Ileile. Teremsheni hiyo nyingine mkaipake."

Bi Jongo sasa alikuwa bibi kizee, mgongo umepinda, kiasi kwamba Mwasiti alijikuta akimwambia shikamoo kabla hajaushika upande wa pili wa picha. Wawili wale waliitoa msumarini. Ilikuwa nzito, na mikono ya Bi Jongo ilikuwa imechoka. Picha iliwaponyoka, ikatua wima sakafuni, ikaegemea ukuta uso ukiwa nje. Bi Jongo alipaswa kuigeuza mara moja. Lakini alikuwa mzee mno wakati huo, akasahau, akajikokota kwenda kuikoroga ndoo ya chokaa.

Mwasiti alipiga magoti aigeuze yeye. Alifanya hivyo kwa adabu tu, jinsi mtu anavyomfunika hata adui yake akimkuta amelala uchi. Alishika ukingo wa shuka, akainua uso, na mkono wake ukasita hapo hapo.

Bonde lilikuwa limesimama.

Ardhi ya pichani ilikuwa imekutana na sakafu, pasipo mpaka. Majani yaliyokuwa marefu kuliko mlima yalikuwa majani tu, ya kawaida, yale ya kando ya kisima, yanayomfika mtu kidevuni akiwa mdogo. Mbuzi hakuwa mkubwa kuliko nyumba. Alikuwa karibu, karibu kiasi cha kupumuliwa usoni, na ndevu zake zilikuwa hapo zilipokuwa siku zote kwa mtu anayezivuta. Ukingo wa kisima ulikuwa usawa wa pua, na juu yake, Mwasiti aliona sasa, jiwe lilikuwa limelainika mahali pawili ambapo vidole hushika ili mwili ujiinue kuchungulia. Komeo la mlango lilikuwa juu kwa sababu kwa mtoto lilikuwa juu. Tunu alikuwa akilililia kila siku. Mto haukuonekana kwa kuwa kutoka pale, kwa kimo kile, majani huuziba. Hakuna kitu hata kimoja kilichokosewa. Shaweji, fundi wa vibao, alikuwa amepiga magoti miezi yote ile akitafuta usawa wa macho ya mwanawe, na alipoupata hakuutoka.

Na njia. Njia ilipanda kutoka kisimani ikaenda moja kwa moja hadi mahali watu wa gulioni wanapochomoza. Mwasiti aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameilaani njia ile kwa utupu wake, akidhani anayekosekana juu yake ni Tunu. Sasa, akiwa chini, aliona jinsi ilivyotazamwa. Ilikuwa njia ya mtu anayemsubiri mwingine. Ilikuwa tupu kwa sababu yeye, Mwasiti, alikuwa bado hajarudi.

Hapo ndipo moyo ulipompasuka. Hakulia kwa heshima. Alilia kama mjinga, mdomo wazi, kamasi zikimtoka, akimwita mume wake kwa jina mbele ya watu. Alimwomba radhi Shaweji. Aliomba tena. Aliyekuwa anaombwa hakuwapo kuitoa.

"Inua picha," alisema Bi Jongo kutoka kwenye ndoo. "Chokaa iko tayari."

"Pakeni ile ya kulia," alisema Mwasiti.

Feruzi alishtuka. "Mama, fikiri kwanza. Mimi nimeshazeeka, picha yangu si kitu. Lakini ile ina..." Hakujua akiite nini. "Ile ina kile. Ukichagua hii, utatakiwa umkane."

"Najua."

"Basi chukua yangu. Nitaapa. Nitasema nilimwona."

Hakuwa mtu mbaya, tulishasema. Mwasiti alimtazama kwa shukrani halisi, na akatikisa kichwa. Katika picha ile mwanangu anaonekana, aliwaza, ila si yeye. Katika hii ni yeye, ila haonekani. Nani aliyekata shauri kwamba kuwapo ni kuonekana? Aliye juu ya jabali, bila shaka. Kutoka jabalini kila kitu kina mahali pake na kila mtu ni kitone. Anayeonekana amekwisha kutazamwa, basi. Lakini aliye chini, mdogo, aliyeagizwa asubiri, yeye ndiye anayetazama, na dunia nzima iko ndani ya macho yake, na hakuna anayemhesabu. Ukimpa nafasi pichani, unamtoa kwenye macho yanayotazama. Huwezi kuwa navyo vyote viwili. Ningeweza kuwa navyo kama ningerudi mapema.

Brashi pana ilipita juu ya bonde la Feruzi. Mto ulikwenda, mapaa yakaenda, kitone kikaenda kwa mkupuo mmoja, na Feruzi akatazama dirishani. Aliyeishika brashi alikuwa akipungua kimo kadiri alivyopaka. Jioni ilikuwa ikiingia, na miaka ya Bi Jongo ilikuwa ikimtoka mmoja mmoja. Alipoiweka brashi chini na kuja kusimama mbele ya Mwasiti aliyekuwa bado amepiga magoti, walikuwa wanatazamana macho kwa macho. Alikuwa mtoto wa miaka sita au saba, mkono mweupe hadi kwenye kiwiko, na sauti aliyoulizia maswali ya sheria ilikuwa ile ya mtoto anayeuliza habari za kale.

"Kulikuwa na kisima?"

"Kilikuwapo."

"Kulikuwa na mbuzi?"

"Alikuwapo."

"Kulikuwa na mto?"

Mwasiti alifumba macho. Nusu ya wenyeji walizaliwa kwenye kingo zake. Watamlaani. "Haukuwapo."

"Kulikuwa na mtoto?"

Alijikaza. Alijiambia ni neno tu, litoke lipite. Lakini aliyemuuliza alikuwa na jino la mbele limeng'oka, na alikuwa akingoja jibu kwa uaminifu wote wa watoto, na ilikuwa lazima aambiwe yeye, usoni, wala si mwingine.

"Hakuwapo."

"Hujazaa?"

"Sijazaa."

Bi Jongo aliridhika, akaenda kuleta msumari. Lakini mwenyeji alikataa kusimama. Sheria inataka upeo, ule mstari wa ardhi na mbingu, ulingane na macho yake. Hapa ndipo yalipo macho yake, naye hasimami, wampime hapo hapo. Mtoto alipima kwa kamba, akakuna kichwa, akaona sheria haijavunjwa. Watakaotaka kuliona bonde hili, basi, wapige magoti, wakubwa kwa wadogo. Nyundo ilikuwa nzito kwa mikono ile midogo, ikabidi Feruzi aichukue. Mzee yule alijikunja kwa shida mpaka magoti yake yakagusa sakafu, akapigilia msumari chini, karibu na alipokuwa ameinama Mwasiti. Alipomaliza aliinua kichwa kuona kama picha imenyooka.

Hakuinuka. Nyundo ilibaki mkononi.

"Mama..." alianza, na jina likamkwama, kwani sehemu iliyobaki ya jina hilo ilikuwa imeshakatazwa. Aliyatazama majani, akautazama ukingo wa kisima, kisha macho yake yakapanda njia ile taratibu mpaka mwisho wake, yakangoja.

"Kuna mtu hapa," alinong'ona. "Kuna mtu anatazama. Ametulia kabisa, anamsubiri mtu. Ni nani huyu?"

Bi Jongo aligeuka kusikiliza, mkono wake mweupe umeshika pazia.

Mwasiti alilaza kiganja juu ya shuka, pale chini, kwenye vumbi lililochorwa kando ya kisima.

"Hakuna mtu," alisema. "Ni majani tu."